Mngoni Aliyezuiwa Ndani ya Kompyuta Yangu

Jana mjinga nilikuwa mimi. Neno hilo nalitamka mwenyewe mapema, maana Otmari Mbano akilitamka yeye ataliongezea chumvi, na chumvi ya Mngoni haina kipimo.

Huyo Otmari tulikuwa tunaendesha naye lori moja, Makambako kwenda Songea na kurudi. Yeye akishika usukani mimi nalala, mimi nikishika yeye anakoroma. Yeye Mngoni, mimi Malunde, Mnyamwezi wa Nzega, kwa hiyo ni watani tangu kabla hatujazaliwa. Yeye ananiita mtumwa wake, mimi namwita mtumwa wangu, na watu tuliowapa lifti walikuwa wakiomba kushuka kabla ya kwao wakidhani tunakwenda kuuana mbele ya safari.

Kisha lori likatupindukia kwenye mteremko wa Lukumburu. Otmari alitoka na mikwaruzo. Mimi nilitoka nimebebwa mgongoni mwa Otmari, na mguu wa kulia ambao mpaka leo ukiuambia kanyaga breki unajifikiria kwanza.

Dereva wa namna hiyo hana kazi. Nilirudi Nzega nikawa mtu wa kukaa barazani na kuwacheka wapita njia, na wapita njia wakaanza kupita barabara nyingine. Ni Otmari aliyepanda basi akaniletea kompyuta kuukuu na usukani wa plastiki. Akaniwekea mchezo wa malori, akasema, "Hapa breki ni kidole. Kidole chako bado kizima, nimekikagua." Tangu hapo kila Jumamosi alasiri yeye yuko Songea, mimi niko Nzega, na malori yetu mawili yanafuatana kwenye barabara ambazo hazipo duniani huku tunatukanana kwa simu. Mke wangu Kabula anajua kwamba Jumamosi mguu hauniumi.

Sasa, Jumatatu Otmari anapasuliwa macho. Yameingia ukungu. Hospitalini wamemwambia akishapasuliwa asikae mbele ya kioo cha kompyuta mpaka wamruhusu, na hawakusema lini. Kwa hiyo safari ya jana ilikuwa ya kuagana, ingawa hakuna kati yetu aliyelitumia neno hilo.

Asubuhi yake mchezo ukadai toleo jipya. Otmari akalipakua, likaingia. Mimi nikalipakua, likafika asilimia tisini na tisa, likaganda. Na sheria ya mchezo ni kwamba mwenye toleo la zamani hawezi kuingia barabara moja na mwenye toleo jipya.

Otmari alinielekeza kwenye simu: tazama nafasi ya diski, badilisha eneo la kupakulia, uvute kutoka nchi nyingine yenye foleni fupi, hakiki mafaili, angalia kinga ya virusi. Nilimwitikia yote, ila sikufanya hata moja. Nilimwambia tatizo ni mtandao wa Songea, unavuta wetu nyuma. "Ukipata akili nipigie," akasema, akakata.

Nikala wali na mlenda. Nikaketi mbele ya mashine, mguu juu ya kigoda, nikiitazama ile tisini na tisa. Usingizi wa mchana ukanichukua hivyo hivyo, macho nusu wazi, na haya ndiyo niliyoyaona nilipokuwa nimelala.

Ule mstari wa kijani unaoonyesha kazi ilipofikia unatoka kwenye kioo, unajikunja kama mkanda wa suruali, unakaa kwenye kigoda karibu na mguu wangu.

"Nimechoka," anasema Mstari.

"Umechoka na umebakiza nukta moja?"

"Wewe ulibakiza kona moja ukapinduka."

Nikaona huyu ana mdomo, tutaelewana. Nikamuuliza kinachomzuia kufika mwisho. Akasema kuna faili moja halijaingia, na hawezi kwenda mbele bila hilo. Nikamwambia basi twende tukalichukue. Akanyanyuka, akanishika mkono, tukaingia chini ya meza.

Chini ya meza ni chumba. Mlangoni amekaa mama mnene mwenye kanga mbili na funguo kiunoni. Ni Diski.

"Shikamoo, Bi Diski."

"Marahaba. Nafasi hakuna."

Nikachungulia. Chumba kimejaa. Mchezo wa mpira niliouacha kabla ya mfungo amekaa juu ya kabati, kichwa chake ni mpira umepungua upepo, hanisalimii. Kando yake, ukuta hadi ukuta, ni harusi ya binamu yake Kabula. Maharusi wako wengi, wote wamefanana, kila bwana harusi na bibi harusi wake, kila kundi na matarumbeta yake. Nilikuwa nimeihifadhi video hiyo tena na tena kwa sababu kila nilipobonyeza nilidhani haijakubali.

"Mgeni wangu ni mdogo," nikamwambia Bi Diski. "Si mchezo mzima. Ni toleo jipya tu, mabadiliko kidogo."

"Ni mdogo akishavaa," akasema. "Lakini wa zamani haondoki mpaka mpya amalize kuvaa. Kwa muda huo wako wawili, na nguo zao ziko sakafuni. Unataka wabadilishie wapi? Mlangoni, majirani wakitazama?"

Otmari alikuwa ameniambia jambo hilo hilo asubuhi, ila yeye hakutaja nguo.

Nikawaomba maharusi watoke, abaki mmoja. Walibishana sana kuhusu nani ndiye wa kweli. Matarumbeta yakaanza kupigwa, wakapanga mstari, wakatoka wakicheza kupitia tundu la kitasa, na shangazi wa mwisho akageuka kuniambia, "Chakula hatujala, ujue." Nikamwambia wali umebaki jikoni. Akasema ana taarifa.

Bi Diski akatikisa funguo. "Nafasi ipo. Mgeni wako yuko wapi?"

Mstari akanivuta mpaka mlango wa nyuma. "Lazima tuingie eneo sahihi. Fungua."

Nafungua. Nje ni theluji, na watu waliovaa makoti wamepanga foleni inayopotelea kwenye mlima. Kila mmoja ameshika sufuria tupu. Nimevaa kaptura.

"Foleni ndefu," anasema Mstari. "Funga. Fungua tena."

Nafungua tena. Nje ni jangwa, na foleni ni ya ngamia. Ngamia wa mwisho ananiuliza kama na mimi nimekwama tisini na tisa. Namwambia ndiyo. Anasema, "Pole, mimi ni mwaka wa pili," anaendelea kucheua.

"Funga. Fungua tena."

Nafungua, na hapo moyo wangu ukatulia, kwa sababu nje ni mizani. Dereva yeyote wa malori anaijua mizani hata akiletwa amefungwa macho: lile bamba la chuma barabarani, kibanda chenye dirisha, wauza mahindi ya kuchoma, na madereva waliojifanya hawana wasiwasi. Foleni haikuwepo kabisa.

"Hapa ndipo eneo lako," Mstari akasema. "Popote penye foleni fupi."

Ofisa wa mizani alikuwa ruta, ile inayoniletea mtandao nyumbani. Boksi jeusi, masikio mawili ya antena, macho ya kijani yakipepesa. Alivaa fulana ya kuakisi mwanga.

"Tunahakiki," akasema. "Mzigo wote ulioandikwa lazima uwe ndio uliopo. Ukizidi unarudi, ukipungua unarudi. Wapande mmoja mmoja."

Mafaili ya mchezo wangu yakaanza kupanda juu ya bamba. Faili la matairi likapanda likibingirika. Faili la mvua likapanda likalowesha bamba lote, ofisa akalifuta kwa kitambaa. Faili la honi likapiga honi lilipopimwa, wauza mahindi wakakimbilia kwake wakidhani ni basi.

Ruta akatazama kioo chake. Jicho moja likageuka jekundu.

"Pungufu."

"Kimekosekana nini, afande?"

"Faili la msafara. Lile linalofanya lori moja lilione lingine barabarani. Bila hilo unaweza kuendesha, sikuzuii. Utaendesha peke yako."

Nikamwambia peke yangu nimeshaendesha barazani muda wa kutosha, nashukuru. Nikamuuliza liko wapi. Akanyoosha antena moja kuelekea nyuma ya kibanda.

Nyuma ya kibanda ni zahanati.

Ni zahanati ya kawaida, benchi la mbao na dirisha la wavu. Juu ya dirisha pameandikwa KARANTINI kwa rangi iliyochuruzika. Nyuma ya wavu yuko nesi aliyenyooka kama rula, ana glavu, ana barakoa, ana barakoa nyingine juu ya barakoa. Nilijua ndiye kinga ya virusi ya kompyuta yangu kwa jinsi alivyonitazama: kama mtu niliyemletea kikohozi.

Na kwenye benchi amekaa faili langu. Amevaa koti la kijivu lililofungwa mpaka juu. Uso ni wa Otmari Mbano mtupu, na macho ni yale yale yenye ukungu.

"Dada nesi," nikasema, "huyo ni wangu. Kwa nini amezuiwa?"

"Ana tabia ya kutazama malori ya watu wengine."

"Ndiyo kazi yake."

"Kila mwenye tabia mbaya husema ndiyo kazi yake. Tena hana saini ninayoitambua. Nikamshuku." Akajikung'uta glavu. "Hata hivyo sikumzuia mimi. Umemzuia wewe."

"Mimi?"

"Asubuhi nilikutolea kidirisha. Nikakuuliza kwa heshima: nimruhusu au nimzuie? Ukabonyeza 'mzuie' bila kusoma. Wakati huo ulikuwa unamwambia mtu kwenye simu kwamba Wangoni hawajui kusoma."

Mstari aligeuka pembeni akajifanya anatazama miti. Ngamia alikuwa ametufuata. Naye aligeuka pembeni.

"Basi mruhusu," nikasema kwa sauti ndogo.

"Siruhusu mtu kwa sababu ya aibu ya mtu mwingine. Lete mdhamini. Nani anamjua huyu?"

"Namjua mimi. Ni mtani wangu."

"Thibitisha."

Nikamtazama yule faili kwenye benchi, amekaa mikono magotini, hajui kama ataitwa au atasahaulika. Mdomo wangu, ambao haujawahi kunitupa hata kwenye msiba, ukanitupa. Badala ya maneno ya kila siku yakatoka mengine.

"Huyu alinitoa kwenye vioo Lukumburu," nikasema. "Alinibeba mgongoni mpaka juu barabarani na yeye mwenyewe anavuja damu. Wenzetu wote walikuja kunitazama mara moja wakaleta sukari. Yeye alileta kompyuta na kila Jumamosi yuko pale. Hajawahi kunitajia. Mimi sijawahi kumshukuru. Asante, Otmari. Asante sana."

Nesi alipiga miayo chini ya barakoa zote mbili.

"Imekataliwa."

"Imekataliwaje?"

"Asante anaweza kusema yeyote. Virusi wote wanaokuja hapa wana adabu sana. 'Asante dada, samahani dada, naomba kupita dada.' Wakishapita wanakula nyumba. Adabu si ushahidi."

"Sasa unataka nini?"

"Mwambie neno ambalo mtu baki akiambiwa atakupiga. Akilipokea, mnajuana."

Jamani, kazi hiyo nimeifanya maisha yangu yote bila kuombwa. Nikafungua mdomo. Hapakuwa na kitu. Koo lilikuwa limejaa ile asante, imekaa katikati kama gari lililokatika ekseli darajani, hakuna kinachopita.

"Fanya haraka," Mstari akanong'ona. "Mimi narudi nyuma."

Nikamtazama. Kweli, alikuwa anafupika. Ncha yake ilikuwa begani kwangu, sasa imeshuka hadi kiwikoni. Kule barabarani ofisa wa mizani ameanza kukunja bamba lake kama jamvi. Faili kwenye benchi anajifunga kifungo cha juu cha koti, kama mtu anayejiandaa kukaa sana.

Kile kifungo ndicho kilichoniudhi. Otmari hafungi kifungo cha juu. Husema shingo ya Mngoni haipigwi kabali.

"We Mngoni!" nikapiga kelele. "Babu zako walitoka huko kusini kwa miguu wakidai wanatafuta vita. Uongo mtupu! Walipotea njia, wakaona haya kuuliza!"

Nesi akashika muhuri. Ngamia akaacha kucheua.

Faili akainua uso taratibu. Upande mmoja wa mdomo ukapanda.

"Tungemuuliza nani?" akasema. "Tuliyemkuta njiani alikuwa Mnyamwezi mpagazi, ana mzigo kichwani. Tukaona tusimwongezee kazi ya kufikiri."

Nesi akagonga muhuri mezani, bamba la mizani likakunjuka lenyewe, wauza mahindi wakapiga makofi.

"Wanajuana," akasema akifungua wavu. "Watu baki wakiambiana hivyo huwa naita polisi. Toka, mchukue mtu wako, na siku nyingine ukiulizwa kitu soma kwanza."

Faili akasimama. Akafungua kile kifungo cha juu. Mimi nikataka kutangulia, lakini mguu wangu ulipoambiwa twende ulianza kujifikiria, ndotoni hivyo hivyo. Yule faili akageuka, akainama, akanipa mgongo. Nikapanda.

"Leo anayebeba ni Mngoni," nikamwambia sikioni. "Dunia imekwisha."

"Mzigo hauongei," akasema.

Tulipita mizani. Ruta alitutazama tukiwa tumebebana, macho yake yote mawili ya kijani, akasema uzito ni sawasawa kabisa. Tulipita kwa Bi Diski, ambaye alitupisha na kuzuia pazia kwa mkono ili toleo la zamani na jipya wabadilishe nguo kwa staha. Mstari akajinyoosha, akajinyoosha, akagusa ukuta wa mwisho wa chumba, akatoa mlio mdogo kama wa chupa inayofunguliwa.

Nikaamka.

Kabula alikuwa amesimama mlangoni na sahani mkononi.

"Umecheka usingizini mpaka kuku wamekimbia," akasema. "Na nani amemaliza wali uliobaki jikoni?"

Mimi nilikuwa natazama kioo. Toleo jipya limekamilika. Nikafungua ile kinga ya virusi nione. Faili moja, lilizuiwa asubuhi, limeruhusiwa mchana. Aliyeruhusu: mtumiaji. Mikono yangu yote miwili ilikuwa kifuani tangu nilipoketi. Ganzi ilikuwa bado inaniwasha.

Nikawasha mchezo. Barabara ikafunguka, na mbele yangu, kando ya njia, taa za hatari zikiwaka na kuzima, lilikuwa lori la Otmari linanisubiri. Nililiona. Sijui kama nimewahi kuona kitu kizuri kama lile tela lake chafu.

Simu ikaita.

"Mtumwa wangu," Otmari akasema. "Imekubali?"

"Imekubali."

"Ulifanya nini?"

"Sikufanya kitu. Niliikalia kimya, ikaona haya."

"Kompyuta haioni haya. Kuna kitu ulibonyeza asubuhi, nakujua. Ulibonyeza nini?"

"Sikubonyeza! Nimekwambia ni mtandao wenu wa Songea. Mmeamka mkaufungua, basi, mambo yakaenda."

"Malunde, mtandao wa Songea unaingiaje kwenye mashine iliyoko Nzega?"

"Muulize aliyeuleta."

Tulibishana hivyo kwa muda mzuri, injini zikiunguruma, hakuna aliyeondoka. Kisha akasema, "Basi twende, wakati bado nakiona hiki kioo."

Hapo sikuweza tena. Ndoto nilikuwa sijamsimulia mtu yeyote, hata Kabula aliyekuwa bado anatafuta wali wake. Lakini Jumatatu ilikuwa inakuja, na lile neno lilikuwa limerudi kooni.

"Otmari, subiri. Kabla hatujaondoka nina jambo. Jumatatu unaingia kule, na mimi miaka yote hii sijawahi kukwambia."

"Kuniambia nini?"

"Asante."

Taa zake za hatari zikawaka, zikazima.

"Nasema asante, we Mngoni. Kwa Lukumburu, na kwa yote. Mbona hujibu? Mtu akikushukuru unapokea, ndiyo adabu."

"Mnyamwezi," akasema, "hiyo asante nesi alishaikataa pale dirishani, pamoja na adabu zake. Toa breki, twende."